Msamaha wa taksi: nani analipa mahali pa mwenye halipi?

(Maneno yenye tulitoa mbele ya mkutano mkuu wa ushirika, siku wanamemba walikaa kuzungumuzia barua ya kuomba msamaha wa taksi ya soko. Komite iliomba tuyaandike juu ya wale wenye hawakufika.)



Komite ilitupatia nakala ya barua wiki mbili zilizopita. Barua inaomba kitu kimoja: kila mwenye alirudi kutoka kambi za Tanzania na Burundi asilipe taksi ya soko kwa muda wa miaka miwili. Leo mutapiga kura kama barua ile iende kwa wakubwa ao ibaki. Sisi wa shirika hatuna kura hapa. Lakini mulituuliza mawazo yetu, na mtu akikuuliza mawazo yako, ukimupa maneno matamu tu, umemunyima kitu. Basi tutasema vile tunaona, na mutatusamehe pale mutaona tumekosea.

Kwanza tuanze na sisi wenyewe. Ile motokari yenye imesimama pale inje, wakati iliingia inchini haikulipa ushuru wa forodha. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, yenye kuhusu mashirika yasiyotafuta faida, inaruhusu mashirika kama yetu kuomba msamaha kwa vyombo vya kazi vyenye vinatoka inje. Wakubwa wa fedha wanaita jambo hilo ekzonerasyo. Mishahara yetu inakatwa kodi kama ya wafanyakazi wengine, lakini motokari ilipita. Kwa hiyo, tukisimama hapa kusema juu ya msamaha wa taksi, tunasema kama watu wenye walikwisha kula kwenye sahani ile. Tunasema hivi mbele, juu mtu asije kutuambia kesho: ninyi munakatalia wengine kitu chenye munacho.

Sasa barua yenu. Sababu zake ni za kweli, na tunazijua. Kuanzia mwezi wa Oktoba 2005 mashua zilianza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wengi walishuka na mizigo michache, sufuria, shuka, na karatasi ya kurudi mkononi. Mtu alikuta shamba lake linalimwa na mwengine, nyumba imebaki msingi tu. Mwenye kubakia hapa alikuwa na wateja wake, na mwenye mtumbwi alimujua akamukopesha ndagala. Mwenye kurudi hakujulikana na mtu. Kuanzia hapo na kushindana kwenye soko moja ni kazi nguvu. Hatutasema kama hamuna haki ya kuomba musaada. Muko nayo. Ulizo letu ni hili: je, msamaha wa taksi ndio njia ya kupitishia musaada huo?

Tufanye hesabu ndogo. Ni mfano tu, si hesabu ya soko letu. Tuseme soko lina meza 200. Kila meza inalipa franga 500 siku ya soko, na inapewa jetoni yake. Hiyo ni franga 100,000. Kwa makuta yale soko linafagiliwa, choo kinasafishwa, mlinzi analipwa, na ingine inaingia kwenye kese ya komune. Sasa tuseme watu 60 kati ya wale 200 ni wenye kurudi, na barua yenu imekubaliwa. Zinabaki meza 140 zenye kulipa. Hiyo ni franga 70,000. Zile 30,000 zimeenda wapi? Mambo ni matatu tu. Ao soko halitafagiliwa vizuri. Ao mlinzi atafukuzwa. Ao wale 140 wataambiwa waongeze: 100,000 tukigawanya kwa 140 inakuwa karibu franga 715 kwa kila mmoja. Hakuna njia ya nne. Taksi yenye mtu mmoja amesamehewa haipotei hewani, inaenda kukaa kichwani kwa mwengine, ao inageuka uchafu wenye wote munakanyaga.

Na ni nani yule mwengine? Si tajiri wa Kinshasa. Ni mama wa meza ya pembeni yako. Wiki iliyopita tulipita kwenye soko tukauliza watu wanawaza nini juu ya barua. Mama mmoja muuza mawese alituambia hivi: «Sisi tulibakia hapa. Tulilala mu pori, tulikula mizizi, watoto walikufia njiani. Hatukupewa sufuria wala shuka. Leo wenzetu wanarudia na karatasi, halafu mimi nalipa na wao wanapita? Mimi vita haikuniona?» Wandugu, mama yule si adui yenu. Anasema kitu chenye kila mmoja wenu angesema kama angekuwa pale.

Watu wenye kusoma mambo ya fedha wako na kanuni mbili juu ya haki ya kodi. Ya kwanza: watu wenye hali moja walipe sawa. Ya pili: mwenye uwezo zaidi alipe zaidi. Barua yenu inavunja ya kwanza, juu mama wa mawese na mama wa ndagala wako na mtaji uleule, meza ileile, njaa ileile. Na inavunja ya pili vilevile, juu kati ya wenye kurudi kuna wenye wana maduka mawili sasa. Tunawajua, na wao wanajijua. Barua haisemi «maskini», inasema «mwenye kurudi». Hayo maneno mawili hayana maana moja tena, miaka hii yote ikiisha kupita.

Kuna jambo lingine lenye watu hawaangalii: faida ya msamaha haibaki sikuzote mkononi mwa mwenye amepewa. Wengi wenu hamuna meza zenu, munapanga. Siku mwenye meza atasikia kama mpangaji wake halipi tena taksi, atafanya nini? Atapandisha bei ya kupanga. Atasema: umebakiza franga 500, unipe 300. Na utatoa, juu meza za pale njiani ni chache na wenye kuzitaka ni wengi. Hivi msamaha mumeuomba ninyi, na mwenye meza ndiye anakula. Ni hivyo kila mahali: faida inateleza inaenda kwa yule mwenye kitu chenye kinakosekana.

Je, mnunuzi angalau atapata ndagala kwa bei ya chini? Hapana. Bei ya ndagala inategemea ziwa limetoa nini usiku, na bei ya mafuta ya mashua. Haiangalii nani alilipa jetoni.

Halafu kuna karatasi zenyewe. Siku karatasi ya kurudi itakuwa na thamani ya franga 500 kila soko, itaanza kukodishwa. Bibi atauzisha chini ya jina la shemeji. Mchuuzi mkubwa ataweka mizigo yake kwenye meza ya rapatriye mmoja mwenye hana kitu, atamupa kidogo. Mwenye kuchukua taksi atapata njia mpya ya kusema: wewe karatasi yako ni ya uongo, toa kitu kidogo nikuache. Munajua kama hatutungi. Mlango wenye watu wengine wanapita bure unahitaji mlinzi, na mlinzi ni mtu.

Sasa tunasikia mzee mmoja nyuma pale anasema: «Munatuhubiria sisi wa franga 500, na wale wakubwa wenye hawalipi mamilioni ya dola?» Mzee ana haki. Tuongee juu yao pia, juu mambo yao ni shule kwetu.

Inchi yetu iko na sheria ya kuvutia wenye mitaji, namba 004/2002 ya tarehe 21 Februari 2002. Mwenye kuleta mtaji mpya anaweza kusamehewa kodi ya faida: miaka 3 kama kazi iko Kinshasa, miaka 4 kwa miji kama Lubumbashi na Kolwezi, na miaka 5 kwa mahali pa mbali kama huku Kivu. Mawazo yake tunayaelewa: huku barabara ni mbaya, umeme hakuna, basi mtu apewe kitu cha kumuvuta. Lakini muangalie mlango una urefu gani. Kampuni inaombwa mtaji wa dola 200,000, na kampuni ndogo na ya katikati dola 10,000. Mama mwenye mtaji wa dola 50 hawezi hata kugonga. Msamaha wenye unasemekana ni wa kusaidia pahali paliposahauliwa, mara nyingi unamukuta yule mwenye alikuwa na makuta ya kulipa avoka wa kuandika dosiye.

Mfano wa pili ni Sicomines, kampuni ya shaba na kobalti ya Kolwezi, ya Wachina na Gécamines. Makubaliano yalifanywa mwaka wa 2008: kampuni ipewe madini na msamaha mkubwa wa kodi na forodha, na inchi ipate barabara na hospitali. Baadaye kiasi cha kazi hizo kiliwekwa dola miliari 3. Mwezi wa Februari 2023, wakaguzi wakuu wa fedha wa Leta (IGF) walitoa ripoti kama kazi zenye zilikuwa zimekwisha kulipiwa zilikuwa za dola karibu milioni 822. Miaka 15! Watu walilalamika, mazungumuzo yakaanza tena, na Machi 2024 kiasi kilipandishwa mpaka dola miliari 7. Hatusemi kama kubadilishana vile ni kubaya sikuzote. Tunasema hivi: kodi yenye ingelipwa kila mwaka ingeonekana katika bajeti, na waheshimiwa wangeuliza ilifanya nini. Kodi yenye imesamehewa haionekani katika bajeti. Mpaka mtu aende kuhesabu, hakuna mwenye anajua bei ya ile barabara.

Wa tatu ni Kodi ya Madini, ile sheria yenyewe inaitwa hivyo. Ya mwaka wa 2002 iliahidi makampuni kama masharti ya kodi hayatabadilika kwa miaka 10. Ya mwaka wa 2018 ilipunguza ahadi ile mpaka miaka 5, na ikapandisha malipo juu ya shaba kutoka asilimia 2 mpaka 3.5. Makampuni yalisema hapana, yalisema yaliahidiwa. Hapo munaona ugumu: kutoa msamaha ni siku moja, kuuondoa ni vita. Mwenye kupewa anazoea, anapanga maisha yake juu yake, na kesho anaona umemuibia. Munaomba miaka miwili. Nani kati yenu atasimama mwisho wa mwaka wa pili, aseme: sasa tuanze kulipa?

Kwa mifano hii tunatoa maulizo matatu ya kupimia kila msamaha, wa mkubwa na wa mdogo, na wa shirika letu pia. Moja: unanunua nini chenye hakingepatikana bila wenyewe? Mbili: unaisha siku gani? Tatu: nani anahesabu, na hesabu inabandikwa wapi? Kama moja kati ya majibu inakosekana, msamaha ule ni zawadi, na zawadi ya makuta ya wote inahitaji wote wakubali.

Kuna neno la sheria pia, na hili tunaomba mulishike vizuri. Katiba yetu ya mwaka wa 2006, katika artikle 174, inasema kama msamaha ao punguzo la kodi linaweza kuwekwa kwa nguvu ya sheria tu. Haisemi kwa neno la shefu, ao kwa barua ya ofisi. Hata Sicomines, pamoja na ukubwa wake, ilibidi itungiwe sheria mwaka wa 2014 juu ya masharti ya kodi kwa makubaliano ya namna hiyo. Basi kama mkubwa mmoja amewaambia «leteni barua, nitawaandikia ruhusa», jueni kama ruhusa ile ni karatasi tu. Akija mwengine kesho, ataipasua, na atawadai ya nyuma. Mutakuwa mumepoteza urafiki wa majirani kwa kitu chenye hakina msingi.

Lakini artikle ileile ina upande mwengine, na huu ndio wenye faida kwenu. Kodi haiwekwi bila sheria. Taksi zenye province na komune zinaweza kudai zimeandikwa katika orodha ya sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Taksi yenye haiko kwenye orodha si taksi. Sasa tuulizane kwa kweli: kule sokoni, ni jetoni ya franga 500 ndiyo inawaumiza? Wakati tulizunguka na kuuliza, watu hawakulalamikia sana jetoni ya kwanza. Walilalamikia ya pili na ya tatu. Asubui anapita huyu, saa sita anapita yule, jioni mwengine anachukua ndagala kikombe kimoja «ya usafi». Bila karatasi. Na wale wenye walibakia wanalipa hivyohivyo. Hapa munayo vita moja pamoja nao.

Kwa hiyo, mawazo yetu ni muandike barua ingine pahali pa ile. Iombe mambo matatu. Bei ya taksi ibandikwe kwenye mbao, mlangoni mwa soko, kwa Kiswahili, kwa herufi zenye mzee anaweza kusoma. Meza moja, siku moja, jetoni moja, na mwenye kuwa nayo asidaiwe tena na mtu mwengine. Na mwisho wa kila mwezi komune iseme mbele ya komite ya soko: tulipokea kiasi hiki, tulifanyia hiki. Kama munataka punguzo, liombwe kwa ukubwa wa kazi: mwenye kikapu chini alipe kidogo kuliko mwenye depo. Sheria ya mwaka wa 2013 juu ya kodi ya biashara ndogondogo ilifuata njia hiyo. Iliangalia mtu anauza kiasi gani kwa mwaka, haikuuliza alilala wapi wakati wa vita. Na barua ile isipelekwe na ninyi peke yenu. Mama wa mawese aweke sahihi yake pembeni ya yenu.

Na wale wenye watarudi mwezi ujao, wenye hawana hata makuta ya siku ya kwanza? Hao tusiwasahau. Hapa ndipo ushirika uko na kazi. Tuseme wanafika watu 12. Jetoni ni franga 500, soko mara mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki 13: ni franga 13,000 kwa mtu mmoja, na franga 156,000 kwa wote 12. Kama wanamemba ni 120, kila mmoja anatoa franga 1,300, mara moja. Kese ya ushirika inawalipia jetoni miezi mitatu, halafu wanajilipia wenyewe. Ni musaada uleule wenye mulitaka kuomba kwa njia ya msamaha. Tofauti ni kwamba huu unaonekana: jina limeandikwa, siku ya mwisho inajulikana, muweka hesabu anausoma mbele yenu. Na jirani halipi kitu.

Mama mmoja wa komite alituuliza mbele ya mkutano: «Kama tunaacha barua yetu, si tunawaachia wakubwa waendelee kupita bure?» Tunafikiri ni kinyume. Mtu mwenye ameomba mlango wake mdogo wa bure hawezi kupiga kelele juu ya mlango mkubwa. Watamuambia: nawe unao wako. Lakini soko lenye watu wote wanalipa, na jetoni mkononi, linaweza kuuliza mheshimiwa wa province ao wa taifa: ninyi mulisamehe nani, kiasi gani, mpaka lini? Na tena, msifikiri kama mtu bila jetoni halipi kitu. Sabuni, sukari, chumvi ya kutoka inje: tangu mwaka wa 2012 inchi yetu iko na TVA, kawaida asilimia 16, na mara nyingi iko ndani ya bei tayari. Mulilipa bila kuona. Sauti yenu mumekwisha kuinunua.

Kwa wafadhili wenye watasoma, neno moja. Munatuuliza kila mara musaada unawafikia nani. Ni ulizo zuri. Muulize vilevile juu ya forodha zenye hatulipi katika jina lenu. Sisi tumekubaliana na komite kama kuanzia ripoti ijayo tutaandika, pembeni ya makuta yenye mulitoa, kiasi cha ushuru chenye Leta ilitusamehe, juu ile pia ni zawadi, na wenye waliitoa ni watu wa soko hili.

Wandugu, tumemaliza. Kura ni yenu. Kama mutapeleka barua ya kwanza, hatutawakimbia, tutaendelea kufanya kazi pamoja. Lakini kabla hamujainua mkono, kila mmoja amuangalie ndani ya mawazo yake yule mwenye anauza pembeni yake, mwenye alibakia, ajiulize kama angeweza kumusomea barua ile kwa sauti.